Kutembeza dosie, kukaa na simu, au kabini: siku ipi inamfaa anayetafuta kazi Lubumbashi?

Kilichonifanya niandike haya ni mkanda wa kupimia presha. Baada ya miezi mitano bila kazi nilipigiwa simu na kampuni moja ndogo inayofanyia kazi ndani ya mgodi. Mahojiano nilishapita, ilibaki vizite ya daktari tu, ile ambayo kwenye migodi hutangulia sahihi ya mkataba. Muuguzi akanifunga mkanda mkononi, akaangalia, akaufungua, akaniambia nikae dakika kumi. Akapima tena: 158 juu, 98 chini. Madaktari huanza kusema una presha ikifika 140 kwa 90. "Yaya, unalala kweli?" akaniuliza; kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa. Nikacheka. Kulala nilikuwa nalala, tena mpaka jua linapanda, ila usingizi wenyewe ulikuwa unanijia saa tisa za usiku. Wakaniambia nirudi baada ya wiki sita.

Miezi ile nilikuwa nimejaribu namna tatu za kupanga siku ya mtu asiye na kazi. Naziweka hapa bega kwa bega, pamoja na mambo madogo ya kuchagua yaliyomo ndani yake: kutembea au mpira, vitumbula au viazi, daftari au grupu la WhatsApp. Tabia iliyo bora kwa mwenye hela kila mtu anaijua. Mimi natafuta ile inayobaki imesimama mwezi wa tatu, mfuko ukiwa mtupu na simu haijalia.

Mizani niliyotumia

Mwaka 1933 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walichapisha habari za Marienthal, kijiji cha Austria karibu na Vienna ambako kiwanda cha nguo kilifungwa na karibu kila nyumba ikabaki bila mshahara. Ungesema watu wale, wenye saa nyingi mkononi, wangesoma vitabu vyote vya maktaba. Waliazima vichache kuliko zamani. Watafiti wakakaa dirishani, wakawahesabia mwendo watu waliopita barabarani: wanaume walikuwa wakisimama kila baada ya hatua chache, wakiegemea ukuta, wakiangalia. Wanawake walipita mbio, kwa kuwa sufuria ilikuwa inawangoja nyumbani. Baadaye Jahoda aliandika kwamba kazi, mbali na pesa, humpa mtu vitu vitano: saa za kufuata, watu wa nje ya familia, shabaha anayoshirikiana na wenzake, jina mbele za watu, na jambo la kufanya kila siku.

Sisi wa Lubumbashi, huku Kongo, hatuna haja ya kwenda Austria. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka katika ule mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na wengi wao walipewa hela ya mara moja tu. Jirani yangu hapa mtaani Katuba ni mmoja wao. Kwenye kambi yao ya wafanyakazi sirene ndiyo iliyokuwa inaamsha watu, inawapeleka kazini, inawarudisha. Aliniambia hela iliisha kabla masikio yake hayajaacha kungoja sirene. Mpaka leo saa kumi na moja alfajiri macho wazi.

Basi kila namna ya siku naipima kwa vile vitano vya Jahoda, halafu naongeza cha sita: hela inayokula.

Kutembeza dosie

Hii ndiyo njia ya baba zetu. Unaamka na giza, unavaa shati lililopigwa pasi jana usiku kama SNEL, kampuni ya umeme, ilikubali, dosie yenyewe, yaani bahasha ya barua ya kuomba kazi na vyeti, chini ya kwapa, unaanza: Katuba, Kenya (mtaa wetu, si ile nchi), Kamalondo, mpaka Posta ya mjini, halafu magari ya Kampemba, halafu mlango wa kampuni. Mlinzi anakwambia, "Yaya, weka dosie hapa, watakuita." Unaweka. Unakwenda mlango wa pili.

Kwa mwili, mwezi wa kwanza, hakuna inayoishinda. Kutoka kwetu mpaka mjini kwa miguu ni saa moja na zaidi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki; ukienda na kurudi kwa miguu siku tatu umeshapita hapo. Mwanga wa asubuhi unaingia machoni, na mwanga huo ndio unaoweka saa ya mwili, ndiyo maana usiku usingizi unakuja mapema bila kubembelezwa. Na njiani lazima ukutane na watu.

Ubaya wake unaonekana wiki ya tatu. Ukitembeza dosie kila siku, hela ya kopi na ya basi la kurudi inatoka mahali ambapo chakula cha mchana kingetoka. Unashinda na maji, unarudi jioni na njaa ya simba, unameza bukari (ugali) ya watu wawili, unalala tumbo likiwa mawe. Kuna pia lile la moyoni: kuambiwa "tutakuita" mara sita kwa siku, siku tano mfululizo, ni mzigo, hata ukijifanya husikii. Mimi nilianza kupunguza mwendo kabla ya kufika mlangoni. Niliposoma habari za wanaume wa Marienthal wanaosimamasimama, nilijiona.

Kiangazi kinaongeza lake. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa vumbi jekundu linakaa hewani, na kwenye barabara kubwa za malori, ya Likasi na ya Kasumbalesa, unalivuta zima zima. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi ya kutosha kutetemesha meno. Pita mitaa ya ndani, funga kitambaa puani, na viatu vya mlangoni vibebe kwenye mfuko. Tembea na vingine.

Kukaa na simu

Vijana wananiambia, yaya, kazi siku hizi zinatangazwa kwenye intaneti, kutembea ni kupoteza soli. Wana haki nusu. Kampuni kubwa nyingi za madini hazipokei tena bahasha, zinataka barua pepe. Dosie moja unaituma Kolwezi, karibu kilomita 300 kutoka hapa, bila kupanda gari. Kwa hela, njia hii ni nafuu kuliko zote.

Lakini iangalie siku yenyewe ilivyo. Mega za intaneti za usiku ni nafuu, kwa hiyo unangoja usiku. Umeme nao mara nyingi unarudi usiku, kwa hiyo simu inachajiwa usiku. Ukishatuma barua mbili unaingia grupu moja, unatoka, unaingia video, na kioo kinakuwakia usoni mpaka saa tisa. Asubuhi unalala. Mchana nyumba ni moto chini ya mabati, unaamka umechoka, watoto wanakuangalia, mke haongei. Kati ya vitu vitano vya Jahoda, simu ilinipa kimoja: jambo la kufanya. Saa za kufuata ikazivuruga, watu ikanipa picha zao tu.

Na mwili hautembei. Miezi yangu miwili ya simu ndiyo iliyonipeleka kwenye ile 158. Sisemi ni simu peke yake, nitafika kwenye chumvi. Ila nilikuwa na siku ambazo hatua zangu zote zilikuwa kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha nje, na kutoka kiti mpaka choo.

Jambo moja kwa haraka: tangazo lolote linalokuomba hela ya "faili" au ya "vizite" kabla hujaona ofisi, lipite. Hilo ni la afya pia. Mtu niliyepoteza usingizi mwezi mzima kwa ajili yake alikuwa wa namna hiyo.

Kabini nusu siku

Ya tatu ni Artiki 15 yetu, yaani jitafutie mwenyewe: meza, mwavuli, kuuza unite (salio la simu) na kutuma pesa kwa simu. Kwetu tunaiita kabini. Shemeji yangu alikuwa na moja sokoni Kenya na alihitaji mtu wa asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa sita mchana. Nilikataa mara mbili kwa aibu. Mtu mwenye diploma ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, anauza unite? Mara ya tatu nilikubali kwa sababu unga uliisha.

Hapo nilipata vitu nilivyovikosa kwenye njia mbili za kwanza. Saa: nikichelewa mteja anakwenda meza ya pili, na shemeji anajua. Watu: kwa asubuhi moja naongea na wengi kuliko wiki nzima ya simu. Hela kidogo ya kila siku, ambayo kwa chakula inasaidia kuliko hela nyingi ya siku moja. Jina? Hapo itategemea moyo wako. Wapo walionicheka, na wapo waliosema, "Kumbe unajua mambo ya hesabu, nipe namba yako."

Ubaya wake ni mawili. Mwili unakaa, saa sita nzima, huku mkono uko karibu na mama wa vitumbula. La pili ni baya zaidi: kabini inaweza kukumeza. Nina rafiki aliyeingia kwa mwezi mmoja na sasa ni mwaka wa nne; dosie yake haijaguswa. Kama ndicho alichotaka, vizuri. Hakukitaka. Dawa niliyoiona ni kufunga mwavuli saa sita kweli, hata mteja akiwa amesimama, na mchana siku mbili kutembeza dosie kwenye milango mitatu tu niliyoichagua jana yake, siku nyingine kutuma barua kwa simu mpaka saa kumi na moja jioni, basi.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague moja, nachagua kabini, au kibarua chochote cha nusu siku chenye mtu anayenitegemea nifike. Dosie na simu zinaingia mchana, kama mboga kando ya bukari.

Kutembea, mpira, au mazoezi ya chumbani

Nimejaribu zote. Mazoezi ya chumbani yalidumu siku tisa. Hakuna ubaya ndani yake, hayana gharama, na kwa mwili yanatosha kabisa. Kilichoniangusha ni kwamba hakuna aliyejua nikiacha.

Mpira wa jioni kwenye kiwanja cha mtaa ulidumu zaidi. Kuna kelele, kuna kudaiwa pasi, na kuna faida ambayo wengi hawaihesabu. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kuhusu watu aliowahoji ambao walipata kazi kwa kuambiwa na mtu. Ungedhani waliambiwa na rafiki wa karibu. Hapana: chini ya 17 kwa kila 100 ndio walioambiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Wengine wote waliambiwa na mtu wanayeonana naye kwa nadra au mara moja moja. Sababu yake inaeleweka: rafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Beki wa kushoto wa timu ya pili, ambaye mjomba wake ni dereva Likasi, anajua jingine. Ile simu ya vizite ilitokana na mtu wa kiwanjani ambaye jina lake la pili silijui mpaka leo.

Ila mpira una umri. Mimi nimepita arobaini, goti likavimba, na mpira ukiisha kuna chupa ya bia ya Simba inayongoja mshindi na aliyeshindwa. Hapo ndipo jirani yangu wa Gécamines alipoingia. Alisikia habari ya presha kwa mke wangu (wanawake wetu, ukitaka habari ifike haraka, wape iwe siri). Kesho yake saa kumi na moja alfajiri akagonga bati la mlango. "Mudogo, lamuka!" Tukatembea dakika arobaini bila kusema mengi. Kesho yake tena. Ana miaka zaidi ya sabini. Ukimwacha mzee wa hivyo anasimama nje kwenye baridi wewe umelala, utamtazamaje?

Mwenye umri chini ya thelathini na goti zima achague mpira. Wengine watafute mzee.

Sahani

Hapa ndipo nilipokuwa najidanganya. Asubuhi: chai yenye vijiko vinne vya sukari na vitumbula vitano. Mchana hakuna. Usiku: bukari, na mboga iliyokolezwa kwa kibe mbili, vile vidonge vya mchuzi, chumvi juu yake, na samaki mkavu mwenye chumvi yake tayari. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isiyojaa kijiko cha chai, ukihesabu na iliyojificha ndani ya kibe na samaki. Sisi tulikuwa tunaimaliza kabla hatujaonja.

Linganisha na nilichohamia, kwa hela karibu ile ile. Asubuhi viazi vitamu vya kuchemsha au bukari ya jana iliyochomwa, na karanga mkono mmoja. Mchana parachichi msimu wake, au yai, au mhindi wa kuchoma. Jioni bukari ndogo, lengalenga (mchicha) au sombe (kisamvu) nyingi, maharagi mara tatu kwa wiki, kibe hakuna, samaki mkavu anaoshwa kwa maji ya moto mara mbili. Vitumbula vitano vinashibisha saa mbili, halafu mkono unatetemeka. Viazi na karanga vinakufikisha mchana. Wiki ya kwanza mboga ilikuwa kama majani ya mbuzi. Wiki ya tatu ulimi ulizoea, na sasa nikila kwa watu nasikia chumvi kabla ya mboga.

Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, siwezi kuuacha, msinisumbue. Nauchukua bila sukari. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ndiyo niliacha: inakuletea usingizi upesi, halafu saa nane unaamka kinywa kikavu na mawazo yote yamekaa kitandani.

Daftari au grupu

Kila mtu asiye na kazi ana grupu la wenzake. La kwetu lilianza kwa matangazo ya kazi, likaishia kwa kulalamika na sauti za dakika saba. Sikatai kulalamika. Ila nilikuwa natoka humo nimejaa hasira za watu ishirini juu ya zangu.

Mwaka 1994 Stefanie Spera na wenzake, akiwemo James Pennebaker, walitoa utafiti juu ya wataalamu walioachishwa kazi Marekani. Baadhi waliandika, siku chache tu, dakika ishirini kila siku, yale waliyoyahisi kuhusu kuachishwa. Wengine waliandika mipango yao ya siku, wengine hawakuandika kitu. Miezi iliyofuata, walioandika ya moyoni walipata kazi wengi zaidi, ingawa hawakutuma barua nyingi kuliko wenzao. Maelezo yake ni kwamba mtu aliyetapika uchungu kwenye karatasi hautapiki mbele ya anayemhoji. Nilijua hilo kwa aibu: kwenye mahojiano moja niliulizwa kwa nini niliondoka kazi ya zamani, nikaongea robo saa.

Daftari la mtoto la shule linatosha. Andika kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kibemba, hakuna anayesahihisha. Grupu lifungue mara moja kwa siku, mchana, usome matangazo, utoke.

Kwa mwanamke hesabu ni nyingine

Mdogo wa mke wangu anatafuta kazi pia, ana diploma ya uhasibu, na yote niliyoyaandika juu yaligonga ukuta kwake. Yeye saa za kufuata anazo nyingi mno. Kwa vile "hana kazi", maji ni yake, soko ni lake, watoto wa dada ni wake. Kutembea anatembea, na ndoo kichwani. Ni wanawake wa Marienthal wale wale: mwendo wa haraka, lakini kuelekea kwenye sufuria. Kwake kumwambia aamke mapema ni dharau.

Alichohitaji ni saa mbili ambazo nyumba haimwoni. Tulijaribu chumba cha nyuma. Dakika kumi tu mtoto amegonga. Tukajaribu chumba cha parokia, ambako kwaya yake hufanyia mazoezi, Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Hicho kikashika, kwa sababu wenzake wawili wa kwaya nao wanatafuta kazi na wanamngoja na kompyuta moja ya kuazima. Na mimi siku hizo mbili ndiye ninayekwenda kwenye bomba. Wiki ya kwanza majirani walikuja kutazama.

Niliporudi kwa muuguzi baada ya wiki sita, mkanda ulisoma 136 kwa 86. Akaandika kwamba nafaa kwa kazi, akapiga muhuri. Nafasi yenyewe ilikuwa imeshapata mtu. Dosie yangu imebaki kwao pamoja na ile karatasi ya daktari, na kwenye daftari nimeandika nipite tena Jumanne mchana, kabini ikifungwa. Mzee ameshauliza kama asubuhi ile tubadilishe njia, tupitie upande huo huo, ili aone mlango wenyewe ulivyo.